JE, KUFINYA KIFUNGO KIMOJA NI KUDANGANYA?



Barua za mwezi huu ni nyingi. Zile za mahari zitangoja, maana mambo ya mahari hayaishi leo wala kesho. Tunatanguliza barua moja ya Kamituga, ya mama mwenye mtoto anayekaa hapa kwetu Luvungi kwa nyanya yake. Barua ni ndefu, tumeikata, na majina tumeyaacha.

"Mchungaji, mtoto wangu ana miaka 19. Mwaka jana jiwe lilimponda mkono wa kushoto ndani ya shimo. Vidole vitatu vya katikati vilikatwa, akabaki na kidole gumba na kile kidogo. Baba yake akamtuma Luvungi apumzike. Sasa nasikia kila jioni anacheza mpira wa kompyuta kwenye sekretaria, na kwamba ameweka kitu kinachoitwa makro: anafinya kifungo kimoja tu, na mchezaji anafanya mambo mengi peke yake. Aliwashinda wenzake, wakamfukuza, wanasema ni mwizi. Baba yake naye anasema: kama mkono unaweza kucheza, unaweza kubeba mifuko ya mawe, arudi mbele mwezi uishe. Nauliza: hii makro ni nini? Ni zambi? Na mkono wa namna hii utafanya kazi gani?"

Mama, uliuliza maswali matatu, lakini baba ameyafunga pamoja na kuyawekea tarehe. Ndiyo maana hatukungoja.

Kwa wasomaji wa mbali, sekretaria ni kile chumba kando ya barabara ya taifa namba 5, kati ya Kamanyola na Uvira, ambamo watu wanaandikiwa barua, wanafotokopi vyeti na kuchajisha simu. Mchana ni kazi. Jioni, kama jenereta lingali na mafuta, vijana wanalipa na kucheza. Nilikwenda huko mchana mara mbili, pamoja na huyo kijana, na mwenye chumba alitukubalia tukae kwenye mashini moja. Kijana alinionyesha kila kitu bila kuficha. Mwizi hafanyi vile, lakini hiyo si jibu bado.

Tuanze na klavie, kile kibao cha vifungo. Watu wengi wanafikiri herufi iliyochorwa juu ya kifungo ndiyo inayoingia ndani ya mashini. Hapana. Kifungo kinatuma namba tu, na programu ndiyo inayoamua namba ile ni nini. Ndiyo maana mashini moja inaweza kuandika Q mahali ulipofinya A. Sisi Wakongo tulipokea kwa Wabelgiji klavie inayoanza na A, Z, E, R, T, Y. Waingereza na Waamerika wana ile inayoanza na Q, W, E, R, T, Y, na kompyuta nyingi za mkono wa pili zinazopita Kampala ao Dar es Salaam ni za namna hiyo. Michezo mingi ya Amerika inataka vidole vya kushoto vikae juu ya W, A, S, D: mbele, kushoto, nyuma, kulia. Ukiicheza kwa klavie yetu bila kugeuza kitu, W iko chini, A iko juu, na vidole vinafungana kama kamba ya mbuzi. Kwetu vifungo vilivyokaa mahali pale ni Z, Q, S, D. Basi mtoto wa Uvira ao wa Sange anayecheza amezoea zamani kupanga vifungo upya mbele ya kuanza, na hakuna mtu aliyemwita mwizi kwa sababu hiyo. Mkumbuke neno hilo.

Mchezo wa kijana huyu ni mpira wa miguu, PES ya Konami. Kampuni iliubadilisha jina kuwa eFootball mwaka 2021, lakini mashini za zamani zinapenda matoleo ya zamani, na huku ndiyo yanayochezwa. Mmoja anashika maneti, mwingine klavie. Mwenye klavie anatembeza mchezaji kwa mishale minne ya upande wa kulia. Mkono wa kushoto unabaki na kazi ya kupiga pasi, pasi ndefu, pasi ya kupenya, shuti, kukimbia na kubadilisha mchezaji. Ni kazi sita, na kijana wetu ana vidole viwili.

Alifanya nini? Jambo la kwanza alilofanya si makro kabisa. Katika faili za mchezo kuna programu ndogo inayoitwa Settings. Unaifungua mbele ya mchezo, unachagua klavie, na kwa kila tendo unafinya kifungo unachotaka. Aliweka kukimbia kwenye Shift ya kushoto, chini ya kidole kidogo, na kubadilisha mchezaji kwenye Ctrl, karibu yake. Pasi, shuti na pasi nyingine akazipanga kwenye C, V, B na kile kifungo kirefu cha nafasi, ambako kidole gumba kinateleza bila kuinuka. Alijaribu mipango mingi mpaka akaupata huo.

Hapa kuna siri ambayo vijana wengi hawaijui, nayo inaleta ugomvi kila siku. Chini ya vifungo mna nyaya zilizopangwa kwa mistari ya kulala na ya kusimama, kama mistari ya shamba. Mashini inapitia mistari hiyo haraka sana ikiuliza wapi zimegusana. Vifungo viwili, hakuna shida. Lakini kwenye klavie za bei ndogo, ukifinya vitatu ao vinne pamoja, mashini mara nyingine haiwezi kutofautisha kipi kimefinywa, basi inakataa kimoja. Mtoto anakimbia pembeni, mshale wa juu na wa kushoto pamoja, amefinya kukimbia, anapiga shuti, shuti haitoki! Anamgeukia rafiki: "Umenisukuma!" Hakuna aliyemsukuma. Shift, Ctrl na Alt kwa kawaida zimewekewa njia zao peke ili zifinywe pamoja na herufi, na kijana alipoweka kukimbia kwenye Shift alipona shida hiyo. Alifikiri ni bahati.

Lakini Shift ilimletea shida nyingine. Ukiifinya mara 5 mfululizo, Windows inatoa dirisha na kuuliza kama unataka "Touches rémanentes". Vijana wote wa sekretaria wanalijua dirisha lile, wanalichukia, linatokea katikati ya mchezo na bao linaingia. Wote wanajibu hapana na kuendelea. Nikamwuliza kijana kama amekwisha kulisoma. Hajalisoma. Tukalisoma pamoja, na nitarudi huko, maana jibu la swali la baba yake limo mule.

Sasa makro yenyewe. Makro ni orodha ya vifungo unayoifundisha mashini, ili kifungo kimoja kikifinywa, orodha yote ipite kwa utaratibu: shika hiki, ngoja kidogo, achia, shika kile. Kuna klavie na mausi zinazouzwa na uwezo huo ndani yao. Mwenye klavie ya kawaida anaweza kutumia programu ya bure kama AutoHotkey, iliyoanza mwaka 2003. Rafiki wa Uvira alimletea kijana programu hiyo kwenye kle ya USB, wakaandika makro moja: kifungo kimoja kinafanya chenga ambayo wengine wanaifanya kwa kufinya mara nne kwa haraka.

Kule "ngoja kidogo" ndiko watu wanakoshindwa. Mchezo unatazama klavie kila unapochora picha, na kama unachora picha 60 kwa sekunde moja, kati ya picha na picha ni karibu sehemu 17 za elfu ya sekunde. Kifungo kilichofinywa na kuachiwa ndani ya muda mfupi kuliko huo, mchezo unaweza usikione kabisa. Basi mwenye kuandika makro anapaswa kushika kila kifungo sehemu 40 ao 50 za elfu, na zaidi kama kompyuta ni ya zamani. Na kuna michezo isiyosikia vifungo vya programu ya namna hii hata ufanye nini.

Basi, ni kudanganya? Tuangalie kwanza wenye michezo yenyewe wanasema nini, maana jambo hili limewagawanya kwa miaka mingi.

World of Warcraft, mchezo wa Waamerika ulioanza mwaka 2004, una mahali pa kuandika makro ndani yake, herufi 255 kwa kila moja. Inaruhusiwa, lakini makro moja haiwezi kupigana vita yote: kwa mashambulio ya kawaida, kila pigo linataka mkono ufinye tena. Valve, wenye Counter-Strike 2, walikaza zaidi. Mwezi wa 8 mwaka 2024 walitangaza kwamba kwenye mashini zao rasmi kifungo kimoja kisifanye matendo mengi, wala klavie isimsaidie mchezaji yenyewe, na anayeonekana anatolewa katika mchezo.

Na kuna RuneScape ya Waingereza, ya tangu mwaka 2001, ambayo ninyi wa machimbo mngeicheka. Ndani yake watu wanachimba! Wanapiga mwamba kwa mausi, wanapata madini kidogo, wanapiga tena, masaa na masaa. Wengine waliona kazi ni ndefu, wakaweka programu zichimbe usiku kucha wao wakilala, kisha wakauza zahabu ile ya mchezo kwa feza ya kweli. Mwezi wa 10 mwaka 2011 kampuni ya Jagex ilifunga akaunti zaidi ya milioni moja za mashini za namna hiyo. Shimo lilifungwa kwa siku moja, bila askari.

Mnaona kwamba wote hawakuchora mstari mahali pamoja. Lakini hakuna hata mmoja aliyemkataza mtu kupanga vifungo upya. Kinyume chake, kazi hiyo inaendelea kukua. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa kibao cha vifungo vikubwa kwa watu wenye vilema, ambacho unaweza kukiunganisha na kifungo cha mguu, cha kiwiko, cha kichwa. Huko Texas alikuwako Mike Begum, aliyejulikana kwa jina la BrolyLegs, aliyefariki mwaka 2023. Alizaliwa na ugonjwa wa viungo, mikono yake haikuweza kushika maneti, akacheza Street Fighter kwa uso na mdomo, akawapiga wengi wenye vidole kumi.

Jibu langu basi, mama. Kupanga vifungo upya si kudanganya hata kidogo. Mtu aliyekatwa mguu akija na fimbo, hatusemi ameingia na miguu mitatu. Vijana waliomfukuza kwa hiyo walikosa, nami nimewaambia.

Kwa ile chenga ya kifungo kimoja, siwezi kumtetea sawasawa. Kama wenzake wangejua, wakakubali mbele ya mpira kuanza, hakuna neno: ni desturi ya mchezo wao, na hata mpira wa uwanjani tunakubaliana kwanza kama mlinda mlango anaweza kudaka nje ya mstari. Lakini hawakujua, na siku ile waliweka feza. Mtu akiweka feza yake juu ya meza, anaiweka kwa kufikiri kwamba vidole vinashindana na vidole. Chenga ile haikosei. Wewe ukichoka unakosea, mashini haichoki. Kijana alisema ya kwamba bila makro hawezi chenga kabisa kwa mkono wake, na ni kweli. Angesema hivyo mbele. Nadhani wengi wangemkubalia, na wabishi wangekataa kuweka feza, na hiyo ingekuwa faida pia. Alirudisha feza ya siku ile, nilikuwako. Ameruhusiwa kurudi, na sheria mpya ya chumba imebandikwa ukutani: makro inatajwa mbele ya mchezo. Kuhusu kubetia, mwenye chumba na mimi hatujaelewana bado.

Sasa ile habari ya mifuko ya mawe. Baba, najua utasomewa barua hii. Unasema mkono unaocheza unaweza kubeba. Nimeuona mkono huo karibu. Kidole gumba na kidole kidogo vinaweza kufinya kifungo, kazi isiyotaka nguvu hata ya kuvunja njugu. Haviwezi kushika kamba. Ninyi mnajua kuliko mimi namna mtu anavyotelemka shimoni, na namna njia ilivyo wakati wa mvua na mfuko mgongoni. Ukimrudisha, mzigo wote utakuwa kwenye mkono mmoja, na siku atakapoteleza hatakuwa na wa pili wa kujishika. Wewe mwenyewe usingechagua mfanyakazi wa namna hiyo kama si mtoto wako.

Na hapa turudi kwenye lile dirisha. "Touches rémanentes" maana yake vifungo vinavyokaa. Ikiwashwa, hulazimiki kushika Shift na herufi pamoja: unafinya Shift, unaachia, kisha herufi, nayo inatoka kubwa. Vilevile Ctrl, kisha C, na maneno yamekopiwa. Imo ndani ya Windows tangu toleo la mwaka 1995, iliwekwa kwa ajili ya watu wenye mkono mmoja ao vidole vichache, haitaki feza wala intaneti. Kwenye Windows 10 ya Kifaransa unaipata katika "Paramètres", kisha "Options d'ergonomie", kisha "Clavier". Kwenye Windows 11 mahali pale panaitwa "Accessibilité". Palepale unaweza kuzima ile njia ya kufinya mara 5, ili dirisha lisivunje mpira jioni. Tuliiwasha. Akaandika jina lake na la nyanya yake kwa herufi kubwa mahali panapostahili, bila kupinda mkono.

Kisha makro ile ile iliyomletea ugomvi tuliigeuza kuwa kazi. Barua za ofisi zetu zina maneno yanayorudi kila siku, wala hayafupishwi. AutoHotkey inaweza kuyaandika yenyewe. Unafungua faili, unaandika mstari mmoja kama huu:

::cbf::Chefferie des Bafuliiru

Ukiisha kuihifadhi na kuiwasha, andika cbf na nafasi, na jina lote linatoka. Mara 4 za kufinya mahali pa 23, bila kuhesabu Shift. Tukaweka hivyo kwa Groupement Itara-Luvungi, kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa ule mwisho mrefu wa heshima ambao bila huo barua haipokelewi na mkubwa yeyote. Asiye na AutoHotkey atumie Word yenyewe: "Fichier", "Options", "Vérification", kisha "Options de correction automatique". Upande wa "Remplacer" weka kifupi, upande wa "Par" weka maneno yote.

Angalisho moja: kifupi kisiwe neno linaloishi. Ukiweka "sa" iwe Sange, utaandika vizuri kwa Kiswahili, lakini siku utakapoandika Kifaransa, kila "sa femme" itakuwa "Sange femme", na mume atakuja kuuliza.

Faili hizo zinafutika kila mara Windows ya sekretaria inapowekwa upya. Kijana aziweke kwenye kle yake, na orodha ya vifupi aiandike kwa kalamu kwenye karatasi, maana kle nazo zinapotea. Mashini ile imejaa vitu vya kwetu, bati ya kasiterite iliyounganisha vipande vyake, tantali ya koltani, na zahabu kidogo pale vinapogusana, lakini haikumbuki mtu aliyeifanyia kazi jana.

Mwenye chumba alimjaribu kwa barua mbili na ukurasa mmoja wa mahudhurio ya shule. Bado ni mpole katika kuandika, na ukurasa wa namba ulimchosha, kwa sababu kwenye klavie yetu namba za juu zinataka Shift. Kwa hiyo nilimwambia atumie zile namba za upande wa kulia, ambazo mkono wake mzima unazifikia. Amepewa asubuhi mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa, analipwa kwa ukurasa. Si mshahara wa kuoa. Mama, mwambie baba asimtumie nauli ya kurudi mpaka miezi mitatu ipite, kisha aje mwenyewe amwone akiandika. Na kama kuna mtu Kamituga mwenye klavie ya zamani yenye vifungo vyote, ampe dereva: atajifunza nyumbani hata bila kompyuta, vidole vizoee mahali.

Baba wa Misisi aliyeuliza juu ya mkwe anayekaa kambini bila kutuma habari, jibu lako liko mwezi ujao.